Maneti Iliyosema Uongo

Kuna vyombo vya kuchezea vilivyotengenezwa zaidi ya miaka 30 iliyopita ambavyo hata leo havijakubali kuzikwa. Kimojawapo ni mashine iitwayo Super Nintendo. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1990, ikafika Marekani mwaka 1991 na Ulaya mwaka 1992. Aliyeongoza kazi ya kuiunda ni Masayuki Uemura, mhandisi yule yule aliyeiunda mashine iliyoitangulia mwaka 1983. Naye alifariki mwaka 2021. Mashine zenyewe zinazidi kuadimika, na zilizobaki huuzwa kwa bei isiyo ya mchezo. Lakini maneti zake, yaani vile vyombo vyenye vitufe vinavyoshikwa kwa mikono miwili, zingali nyingi masokoni, na watu wengi hupenda kuzitumia pamoja na kompyuta.

Msomaji atauliza: ikiwa mashine haipo, maneti itamtumikia nani? Itaitumikia emuleta. Hiyo ni programu inayoifanya kompyuta ijifanye kuwa mashine ya zamani. Huzisoma amri za mchezo moja moja, ikazijibu kama chipu za zamani zilivyokuwa zikizijibu, wala mchezo hautambui kwamba umehamia nyumba nyingine. Kwa Super Nintendo emuleta mashuhuri ni Snes9x na bsnes. Tena kuna RetroArch, ambayo hukusanya emuleta za mashine nyingi chini ya paa moja. Kuunda programu ya namna hiyo si wizi: huko Marekani jambo hilo lilifika mahakamani, na katika kesi ya Sony na Connectix mwaka 2000 mahakama ya rufani iliwapa haki waundaji wa emuleta. Mchezo, lakini, una mwenyewe, na kuunakili bila ruhusa ni jambo jingine kabisa. Nayasema haya mapema ili mzazi asidhani kwamba namfundisha mtoto wake njia mbaya.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya umeme, nami nakaa Brussels miaka mingi sasa. Dada yangu anakaa mji huo huo pamoja na wanawe wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine wa miaka 9. Yule mkubwa, kwa fedha alizozipata kwa kazi ya likizo, alinunua maneti mbili za Super Nintendo katika soko la vitu vya zamani. Alinunua na adapta, kisanduku kidogo ambacho upande mmoja kina matundu mawili ya kupokea plagi za zamani, na upande wa pili kina waya wa USB uingiao katika kompyuta. Kwa miezi miwili watoto hao walicheza kwa amani. Kisha yakaanza maneno.

Mdogo alisema hivi: "Mimi nabonyeza kushoto, yeye anachuchumaa." Alikuwa akimsema Mario wa mchezo Super Mario World, uliotoka mwaka 1990 pamoja na mashine yenyewe. Katika mchezo huo ukibonyeza chini Mario huchuchumaa, na akichuchumaa katika mbio huteleza kidogo akasimama. Mahali penye adui, kusimama huko ni kufa. Kaka yake aliichukua maneti ile ile, akabonyeza kushoto mara nyingi, Mario akakimbia vizuri. Akamrudishia mdogo wake huku akicheka. Mama yao naye akajaribu, asione kitu. Tangu siku ile, kila mtoto alipolalamika aliambiwa kwamba asiyejua kucheza ngoma husema uwanja umepinda.

Baada ya wiki chache mkubwa naye akaanza kuona kasoro hiyo, si daima, ila mara moja moja. Hapo maneno yakageuka. Sasa ikasemwa kwamba maneti imeharibika kweli, na aliyeiharibu ni mdogo, kwa kuiangusha sakafuni. Basi euro 25 za kununua nyingine zitoke katika kopo lake la akiba. Mtoto akakataa katakata kwamba hakuiangusha. Tazama basi, msomaji, jinsi alivyohukumiwa mara mbili kwa makosa mawili yasiyoweza kukaa pamoja: kwanza kwamba maneti ni nzima naye ni mwongo, kisha kwamba maneti ni mbovu naye ndiye aliyeivunja. Akaacha kucheza, na jambo lililomsumbua mama yake zaidi, akaacha pia kulalamika. Dada akanipigia simu. "Kaka," alisema, "njoo uniamulie. Mimi sijui tena ninayemlea ni mwongo au ni mtoto anayeonewa."

Kabla sijaeleza nilivyofanya, yafaa tujue maneti hiyo inavyosema na mashine, maana asiyejua habari inapita njia gani hawezi kujua imepotea wapi.

Maneti ya Super Nintendo ina vitufe 12. Viko vinne vya rangi upande wa kulia. Katika zile za Ulaya na Japani A ni nyekundu, B ni ya manjano, X ni ya buluu na Y ni ya kijani. Viko viwili mabegani, L na R, na viwili katikati, Start na Select. Upande wa kushoto kiko kisalaba cha plastiki chenye mikono minne: juu, chini, kushoto na kulia, na kila mkono huhesabiwa kuwa kitufe. Kisalaba hicho kilibuniwa na Gunpei Yokoi kwa ajili ya mchezo mdogo wa mkononi, Donkey Kong wa mwaka 1982, na tangu hapo kimeigwa duniani kote. Siri yake iko chini: katikati kina kinundu kinachokifanya kielee kama mizani. Ukikilaza kushoto, mkono wa kulia huinuka. Kwa hiyo katika maneti nzima haiwezekani kubonyeza kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Lakini kushoto na chini kwa pamoja yawezekana, tena ni halali, maana ndivyo mtu anavyokwenda mshazari.

Chini ya kisalaba kumetandikwa ngozi ya mpira yenye vikuba vinne. Ndani ya kila kikuba mna kidonge cheusi cha kaboni, na chini yake, juu ya kibao cha umeme, mna njia mbili zisizogusana. Ukibonyeza, kikuba hubonyea, kidonge huziunganisha zile njia mbili, na kitufe huhesabika kuwa kimebonyezwa. Ukiachia, mpira hujirudi wenyewe. Hakuna kingine. Chombo chote cha kifalme kinategemea mpira unaobonyea na kujirudi.

Sasa habari hutokaje? Mashine ya kweli huiuliza maneti mara 60 kwa sekunde, na mara 50 katika mashine zilizouzwa Ulaya. Ni kama mwalimu aitaye majina darasani. Kwanza hutoa ishara moja, maana yake: kila mmoja akae alivyo. Chipu iliyomo ndani ya maneti huishika hali ya vitufe vyote kwa nukta ile ile. Kisha mashine hugonga mara 16, na kwa kila gongo hupata jibu moja, kwa taratibu isiyobadilika: B, Y, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia, A, X, L, R. Majibu manne ya mwisho hayana kitufe. Plagi ina matundu 7, lakini nyaya zinazofanya kazi ni 5 tu: wa umeme wa volti 5, wa kurudishia umeme, wa ile ishara ya kwanza, wa magongo, na wa majibu.

Msomaji aliyekuwa makini ameshaona jambo kubwa. Majibu yote 12 hupita katika waya mmoja. Kwa hiyo waya ukikatika, vitufe vyote huugua pamoja. Haiwezekani waya ukamwonea kitufe kimoja na kuwaacha wengine salama. Katika fimbo za mchezo za Atari, za mwaka 1977, si hivyo: pale kila upande una waya wake, na upande mmoja waweza kufa kwa sababu ya waya. Watu wengi hukata na kuunga nyaya za maneti bure kwa kuwa waliwahi kusikia habari ya chombo kingine.

Adapta kazi yake ni kushika nafasi ya mwalimu. Yenyewe huita majina, hupokea majibu, kisha huyatafsiri kwa lugha ya USB na kuyapeleka kwenye kompyuta. Adapta nyingi hukitafsiri kisalaba kuwa mistari miwili, mmoja wa kushoto na kulia, mwingine wa juu na chini. Windows hupokea, emuleta huchukua kwa Windows, na mchezo huchukua kwa emuleta.

Nilifika Jumapili mchana. Mkubwa alinieleza yote aliyokwisha kuyafanya, nayo hayakuwa machache. Alivipanga upya vitufe katika emuleta mara tatu. Aliiondoa emuleta na kuiweka tena. Alichukua kutoka mahali asipopajua programu iliyojiita dawa ya adapta, nayo ikaleta madirisha ya matangazo ambayo ilimchukua jioni nzima kuyafukuza. Hatimaye muuzaji mmoja wa vyombo vya kompyuta alimwambia, bila hata kuishika, kwamba adapta imekufa, anunue mpya. Sikumlaumu kijana. Juhudi hakuikosa, alichokosa ni kuuliza swali moja kwa wakati mmoja. Kuhusu ile programu, lakini, nilisema wazi, na hapa nasema tena: adapta za namna hii hazidai programu ya kuongeza. Windows inayo yake tayari. Anayekuahidi dawa ya ugonjwa huo mara nyingi anakuletea ugonjwa.

Mlolongo ni huu: kidole, kisalaba, mpira, kibao, chipu, waya, adapta, Windows, emuleta, mchezo. Mtu akianza mwanzo au mwisho atahangaika siku nzima. Mimi hupenda kuanza katikati, kwa maana jibu la katikati huwaachilia huru nusu ya washtakiwa kwa mara moja. Na katika Windows pako mahali pa katikati pazuri. Unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika joy.cpl, na dirisha dogo hufunguka lenye orodha ya maneti zilizopo. Ukichagua moja na kuzitazama sifa zake, utaona mraba wenye alama ndogo katikati, na namba zinazowaka kila kitufe kinapobonyezwa. Hapo emuleta haimo, wala mchezo haumo. Unaona kile ambacho adapta imekisema, basi.

Nilimwambia mkubwa abonyeze kushoto mara 20. Alama ilikwenda kushoto mara 19. Mara moja tu iliruka pembeni chini. Akasema, "Waona, Mjomba, karibu haina neno." Nikamwita mdogo. Alisita. Mama yake akamwambia, "Njoo, baba, hakuna atakayecheka." Akashika maneti kama alivyozoea, akabonyeza mara 20, nami nikahesabu kwa sauti. Mara 13 alama ilianguka kwenye pembe ya chini kushoto. Chumba kikanyamaza.

Kwa hesabu hiyo peke yake emuleta na mchezo vilikuwa vimekwisha kuachiliwa huru. Lakini la maana zaidi kwangu lilikuwa tofauti ya mikono ile miwili. Niliwatazama wanavyoshika. Mkubwa ana kidole gumba kirefu. Hukiweka kwenye ncha ya mkono wa kushoto wa kisalaba, akabonyeza kwa ncha ya kidole. Mdogo kidole chake hakifiki mbali. Hukilaza katikati ya kisalaba na kukiviringisha, na uzito wake huelekea chini kidogo. Katika maneti nzima namna zote mbili ni sawa, kwa sababu mpira huvumilia. Hii haikuvumilia. Ndiyo sababu wakubwa wawili walijaribu wasione kitu. Walijaribu kwa mikono yao.

Katika kazi yetu wateja wa namna hii wapo wengi: mwenye chombo asema kina ugonjwa, fundi akijaribu hauoni, akamrudishia na kumdai fedha ya uchunguzi. Mimi sipendi desturi hiyo. Ugonjwa unaoonekana mkononi mwa mwenye chombo tu ni ugonjwa bado, tena humpa fundi habari zaidi kuliko ule unaoonekana kwa kila mtu.

Tukaendelea. Niliichomoa maneti ile na kuichomeka kwenye tundu la pili la adapta: ugonjwa ukahama nayo. Nikachomeka ile maneti nyingine kwenye tundu la kwanza: mdogo akabonyeza mara 20, zote zikaenda kushoto sawasawa. Adapta basi haikuwa na hatia, na zile fedha za kununua mpya zilibaki mfukoni. Waya nao nilikuwa nimeshauondoa katika shauri, kwa sababu niliyoieleza. Imebaki maneti yenyewe, tena sehemu yake ya kisalaba peke yake.

Nyuma ya maneti hiyo mna skrubu 5 za kawaida, zinazofunguliwa kwa bisibisi ndogo ya nyota. Anayefungua kwa mara ya kwanza na apige picha kabla ya kugusa kitu, maana vitufe vya L na R hupenda kuanguka, na ukivirudisha vibaya vitakwama. Niliinua kibao, nikaitoa ngozi ya mpira ya kisalaba, nikaiweka juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Vikuba vitatu vilikuwa vimesimama. Cha nne, cha upande wa chini, kilikuwa kimelala kidogo, na kuzunguka shina lake palikuwa na mpasuko wa kama nusu ya duara. Kidonge chake cha kaboni kilikuwa kikikaribia kugusa kibao hata bila kubonyezwa. Uzito mdogo wa kidole cha mtoto ulitosha kukimalizia safari.

Sasa mkubwa alisema neno ambalo nilikuwa nikilingoja. "Si ndiyo ameiangusha, Mjomba? Imepasuka." Nilimpa lenzi yangu. Nikamwambia atazame ndani ya mpasuko. Akatazama muda mrefu. Kuta za mpasuko zilikuwa nyeusi kwa vumbi na mafuta ya vidole yaliyoshindiliwa, kavu, sawa na uchafu uliokuwa katika pembe nyingine za mpira. Uchafu wa namna ile hauingii kwa miezi mitatu katika nyumba inayofagiliwa. Tena maneti ikianguka, kinachoumia ni plastiki, nguzo za skrubu, au kibao chenyewe. Mpira ni kitu cha mwisho kuumizwa na anguko, kwa kuwa huo ndio uliozaliwa kwa kupigwa. Plastiki haikuwa na ufa hata mmoja. Mpira huo ulichoka kwa kubonyezwa maelfu ya mara na vidole vya watu tusiowajua, pengine kabla watoto hawa hawajazaliwa, na siku uliponunuliwa sokoni ulikuwa na jeraha lake tayari.

Hata hivyo sikutaka waniamini kwa sababu ya umri wangu. Nikafungua maneti ya pili, nikabadilishana ngozi za mpira: nzima nikaitia katika ile mbovu, iliyopasuka nikaitia katika ile nzima. Nikafunga zote mbili. Mdogo akabonyeza. Maneti iliyokuwa ikisema uongo ikasema kweli mara 20 katika 20. Na ile iliyokuwa nzima asubuhi ikaanza kumchuchumaza Mario. Ushahidi huo haushindwi na hoja. Ugonjwa ulikuwa umehama nyumba mbele ya macho yao, ukifuata kipande cha mpira kisichozidi upana wa vidole vitatu.

Mkubwa alimgeukia mdogo wake akasema, "Pole." Alisema mara moja, kwa sauti ndogo, nami nikajishughulisha na bisibisi yangu. Mama yao alilichukua lile kopo la akiba kutoka juu ya kabati na kulirudisha mahali pake pa zamani, kitandani kwa mtoto.

Ngozi mpya za mpira hutengenezwa na kuuzwa hata leo, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na maneti nzima. Tuliagiza mbili, tukazitia zote mbili, maana ile nzima nayo ilikuwa ya umri ule ule. Wakati wa kuzitia tulisafisha njia za kaboni kwenye kibao kwa pamba iliyoloweshwa kidogo katika alkoholi ya isopropili. Nawaonya wanafunzi wanaopenda kujaribu: msizikwangue njia hizo kwa kisu wala kwa msasa, kwa sababu ule weusi si uchafu, ndio kazi yenyewe. Wala msitumie petroli au asetoni, vitu hivyo huila plastiki. Na skrubu zisikazwe kupita kiasi, la sivyo vitufe vitakuwa vizito na mtadhani mpira mpya ni mbaya.

Magonjwa mengine nitayapitia upesi. Kitufe kinachodai kubonyezwa kwa nguvu mara nyingi ni mchafu tu, na alkoholi humaliza shauri. Kitufe kimoja kikifanya kazi mbili, kwa mfano mchezo unaruka na wakati huo huo mshale wa kompyuta unasogea, tafuteni programu nyingine iliyofunguliwa nyuma inayoigeuza maneti kuwa kipanya. Maneti ikifanya kazi katika joy.cpl na kunyamaza katika emuleta, kwanza bonyezeni dirisha la emuleta kwa kipanya. Programu nyingi huisikiliza maneti wakati dirisha lao liko mbele tu. Vitufe vikiwa vimebadilishana nafasi zote, A imekuwa X na B imekuwa L, adapta yaweza kuwa imetambuliwa kwa jina la chombo kingine. RetroArch huitambua maneti kwa namba za utambulisho, na adapta za bei ndogo huazimana namba hizo bila haya. Hapo ndipo kazi ya kupanga vitufe upya inapofaa, wala si kabla.

Jambo moja lataka maneno zaidi. Kile kinundu cha katikati ya kisalaba kikilika, kama inavyotokea katika maneti za kuiga, kushoto na kulia huweza kubonyezwa pamoja. Waandishi wa michezo ya zamani hawakutazamia jambo hilo, kwa kuwa chombo chao kilikataza, na michezo mingine hufanya mambo ya ajabu inapolipata. Kwa hiyo katika Snes9x pana mahali pa kuruhusu au kukataza pande zinazopingana. Paacheni pamekatazwa, isipokuwa mnajua mnachokitafuta.

Wiki iliyofuata mdogo alisema kwamba maneti ya kwanza imegeuka kuwa ya pili, na ya pili kuwa ya kwanza. Mama yake aliacha sufuria jikoni, akaja kutazama, na mkubwa akafungua joy.cpl bila kuulizwa. Ilikuwa kweli. Mtu alikuwa ameihamisha adapta kwenye tundu jingine la USB alipokuwa akichaji simu, na Windows ikazipa maneti namba upya. Walipoirudisha mahali pake, kila maneti ilirudia namba yake.